Paswadi Iliyopitishwa na Mkutano

Mstari wa tatu ulijitokeza kwenye skrini saa tisa na dakika nne, na Mwanarusi akajikuta amesimama bila kukumbuka alivyoinuka.

"Wa tatu!" alisema. "Jared, njoo uone. Wa tatu huyo ameingia."

Jared, fundi wa maabara, alikuwa upande wa pili wa ukuta mfupi wa mbao, jicho moja kwenye hadubini. "Mama Ikhlas, umeniita kwa wa kwanza, ukaniita kwa wa pili. Nikija kwa kila mmoja, hii damu ya watu itaganda."

"Basi njoo wa sita akiingia."

"Wa sita nitakuja na soda."

Mwanarusi aliketi tena. Modemu ilikuwa imetulia kando ya kompyuta, imechomekwa kwenye waya wa simu, taa zake nyekundu zikipepesa haraka haraka. Upande wa pili wa waya huo, kule Gitothua, Ruiru, muuguzi fulani alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya kliniki, anaandika jina lake na neno lake la siri katika ukurasa ambao Mwanarusi aliutengeneza kwa mikono yake. Ukurasa ulisafiri kwa simu mpaka hapa Thika, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, na programu yake ikaupokea na kuandika mstari. Alikuwa ameijaribu siku mbili nzima akiwa peke yake, anajiingiza na kujitoa kama mtoto anayecheza na mlango. Leo walikuwa wanaingia watu.

Ilikuwa Septemba ya mwaka wa tisini na nane. Maabara ile ilipimia kliniki ndogo ndogo zisizokuwa na vyombo vyao, na ya Ruiru ndiyo iliyokuwa kubwa kati ya hizo. Kwa miaka minne majibu yalikwenda Ruiru kwa gari la maabara, karatasi zimefungwa kwa mpira. Sista Idah, msimamizi wa wauguzi, aliufungua mpira huo katika mkutano wa asubuhi, akasoma karatasi moja moja kwa sauti ili kila muuguzi ajue mgonjwa wake amepatikana na nini. Hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa watu sita, waliopikiana, waliozikiana, wenye chama chao cha akiba na kitabu chao cha kumbukumbu za mikutano.

Mwanarusi aliajiriwa pale kama mpiga chapa. Kompyuta ilipokuja, akapiga chapa kwa kompyuta. Na alipoichoka kazi ya kunakili majibu yale yale mara tatu, akaanza kujifunza kuiamuru. Alisoma fotokopi ya kitabu alichoazima kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Juja, rula imelazwa chini ya kila mstari ili jicho lisiruke. Alichokijaribu alikiandika katika daftari la kurasa tisini na sita: tarehe, alichofanya, kilichokataa, alichodhani ndiyo sababu. Daftari la sasa lilikuwa la tano.

Kitabu kilikuwa na njia ya mkato ya kufunga ukurasa. Unaweka kisanduku kimoja cha kuuliza neno la siri, na anayelijua anaingia. Lakini njia hiyo, alivyoielewa yeye, ilijua mambo mawili tu: umo ndani au uko nje. Haikujali wewe ni nani. Mwanarusi alitaka programu inayojali. Aliyetuma damu ya mgonjwa ndiye aone majibu ya mgonjwa huyo, na mwingine asiyaone hata wakiwa wamekaa benchi moja. Ndiyo maana aliamua kuandika yake mwenyewe, tangu mstari wa kwanza, wiki tatu sasa.

Na wiki hiyo ya tatu ilikuwa na jina. Jina hilo lilikuwa Hayat.

Hayat alikuwa mmoja wa wale wauguzi sita. Jumamosi alikuwa amepanda ngazi za maabara akiwa na buibui la kutokea na kikapu cha sokoni, akamwomba Jared amtoe damu ya kupima mimba. Halafu akaja kuketi kwa Mwanarusi, kikapu magotini.

"Dada, mwaka juzi majibu yangu yalisomwa mkutanoni," alisema. "Wakapiga makofi. Sista Idah akaomba, wakachanga pesa ya shali ya mtoto siku hiyo hiyo. Mpaka Ijumaa, Gitothua nzima inaniita mama. Wiki ya kumi na moja ikatoka." Alikunjua kona ya buibui, akaikunja tena. "Sasa wote wale walionipongeza, ikabidi waje kunipa pole. Mmoja mmoja. Mpaka mama muuza sukuma wiki pale getini. Sikuwachukia, wale ni watu wangu. Lakini safari hii nataka nijue mimi kwanza. Mimi, halafu mume wangu Salehe. Halafu tukae nayo kidogo."

Simu ya kliniki ilikuwa juu ya meza ya mapokezi, katikati ya masikio ya watu wote. Zamu yake haikumruhusu kurudi Thika mpaka Jumapili. Mwanarusi hakufikiri sana.

"Jumatano itakuwa kwenye ukurasa wako," alisema. "Hakuna mwingine atakayeiona. Nakuahidi."

Aliahidi kabla programu haijakubali kufanya kazi hata mara moja. Leo ilikuwa Jumanne.

Mstari wa nne ulikuja, na wa tano nyuma yake. Wa sita ulichelewa dakika kumi na mbili, akausubiri amekunja vidole. Ulipotokea alipiga kofi moja kubwa mezani mpaka kikombe kikaruka.

"Wote sita! Jared, soda!"

Jared alikuja na chupa mbili za Fanta, akazifungua kwa meno ya funguo zake, akainamia skrini. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye tabia ya kutazama kitu kwa muda kabla ya kukisemea, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutofautisha vidoa.

"Sasa hawa ndio wauguzi?"

"Ndio hao. Jina upande huu, na upande huu neno lake la siri."

"Hili? Hili si neno. Hii ni kama paka amekanyaga mashine."

Mwanarusi alicheka. Hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote katika kazi hii. "Programu hailiweki neno lenyewe. Inalisaga. Ukiandika neno lako, inalisaga likawa unga huo, ndio inauweka. Kesho ukirudi, unaandika neno tena, linasagwa tena, unga unalinganishwa na unga. Ukifanana, unaingia. Kuurudisha unga kuwa mahindi haiwezekani. Hata mimi niliyeandika programu siwezi kulijua neno lako."

"Poa kabisa," Jared alisema. Alikunywa Fanta, macho bado kwenye skrini. "Lakini mbona hizi zote ni pacha?"

"Pacha gani?"

"Huyu unga wake huu. Huyu vile vile. Huyu pia. Mama Ikhlas, hizi sita ni kitu kimoja."

Mwanarusi alisogeza kiti. Alichukua rula yake, akaiweka kwenye kioo cha skrini chini ya mstari wa kwanza, akasoma herufi kwa herufi. Akaishusha kwenye wa pili. Mpaka wa sita. Herufi kumi na tatu, sawa sawa, mara sita.

Mikono yake ilifanya ilivyozoea. Alifungua daftari, akaandika saa. Jambo la kwanza la kushuku lilikuwa programu: huenda ilikuwa inasaga kitu kile kile kwa kila mtu, labda hata inasaga pengo tupu. Alijiandikisha mwenyewe kwa majina mawili ya uongo, moja kwa neno "sufuria" na la pili kwa neno "dirisha." Mistari miwili ikaongezeka chini, kila mmoja na unga wake, tofauti kabisa.

"Programu iko sawa," alisema polepole.

"Basi ni nini?"

"Ni wao. Wote sita wameandika neno moja."

Walitazamana. Jared ndiye aliyeanza kucheka, halafu akanyamaza alipokumbuka. Alijua kilichomo ndani ya chupa yenye namba ya Hayat. Alikuwa ameimaliza asubuhi, akaandika jibu, akalitia kwenye bahasha na kuigundisha.

"Yaani kesho yeyote akiandika jina la Hayat..."

"Na neno la wote. Anaingia."

Mwanarusi aligeuza kurasa za fotokopi. Kulikuwa na swali la pili, na hilo lilimhusu yeye. Kwa nini aliweza kuona? Kabla ya kusaga, kitabu kilisema, unatia chumvi: herufi mbili zinazochanganywa na neno. Mfano wa kitabu ulitia chumvi ya herufi mbili fulani, naye akazinakili zilivyo, kwa kila mtu. Ukurasa uliofuata ulikuwa umetoka mweusi kwenye mashine ya fotokopi. Sasa aliubeba mpaka dirishani, akauinamisha kwenye mwanga wa jua la Thika, akausoma kwa taabu neno baada ya neno. Chumvi ibadilike kwa kila mtu. Ndiyo kazi yake. Watu wawili wakichagua neno moja, unga usifanane, ili mwizi wa faili asijue.

Aliandika katika daftari: *Makosa mawili. La kwanza langu: chumvi moja kwa wote. La pili lao. La kwanza ndilo lililonionyesha la pili.* Alipigia mstari. Kisha akajiona anatabasamu, ingawa alikuwa na hofu, kwa sababu hakuna kitabu kilichokuwa kimemweleza hivyo, amekiona mwenyewe.

Alinyanyua simu kupiga Ruiru. Ilikuwa inatumika. Bila shaka ilikuwa inatumika: kliniki ilikuwa na laini moja tu, na kompyuta yao bado ilikuwa imeikalia. Aliikata modemu upande wake, akahesabu mpaka ishirini, akapiga tena.

"Kliniki, hamjambo," alijibu Sista Idah mwenyewe.

"Hatujambo, Sista. Ni Mwanarusi wa Thika."

"Mama Ikhlas! Umetuona? Wote tumeingia! Hata mimi na miwani yangu hii."

"Nimewaona, Sista. Hongereni sana. Sasa nilitaka kuuliza kuhusu yale maneno ya siri. Mliyachagua namna gani?"

"Aah, hiyo tulifanya vizuri kabisa," alisema Sista Idah, na sauti yake ikanyooka kama ya mtu anayesoma. "Uliposema kila mtu awe na paswadi, nikaiweka kwa ajenda. Jumatatu asubuhi tukakaa. Kukawa na mapendekezo mawili, Upendo na Umoja. Tukapiga kura. Umoja ikashinda nne kwa mbili, na wale wawili wakakubali bila manung'uniko. Syombua akaandika kwa kumbukumbu, leo asubuhi tukazisoma na kuzithibitisha. U, M, O, J, A. Herufi ndogo zote."

Alikuwa ameyasema hayo mapokezi, kwa sauti kubwa ya kukabidhi zamu. Nyuma yake Mwanarusi alisikia mtu akikohoa na benchi likilia. Alifumba macho.

"Sista, kuna wagonjwa hapo?"

"Wako kama kumi na tano hivi. Kwa nini?"

"Hapana. Sista, ile paswadi ilikuwa kila mtu awe na yake. Asiijue mwenzake."

"Mwenzake gani?"

"Yeyote. Hata wewe."

"Hata mimi." Sista Idah alirudia maneno hayo kama dawa chungu anayoionja kabla ya kumpa mtoto. "Mama Ikhlas, hapa hatufichani. Mtu akianza kuwa na neno la kunificha mimi, nitajiuliza nimemkosea nini. Nimekaa na hawa wasichana miaka tisa. Syombua nimemzalisha mimi. Katunge alipofiwa alilala kwangu. Sasa nianze kumwambia asinionyeshe?"

Mwanarusi hakuona kwamba mama huyu amekosa. Kama angefanya kazi pale, huenda angepigia kura Upendo. Na sababu moja iliyo wazi, ya Hayat, ndiyo hasa ambayo hakuweza kuitamka. Alitazama bahasha ya Jared kwenye rafu, halafu akatazama kabati la dawa lililokuwa ng'ambo ya ukuta wa mbao, kufuli limening'inia.

"Sista, mna lile kabati la dawa kali za maumivu?"

"Tunalo. Funguo ninayo mimi."

"Mtu akitoa dawa, anaweka sahihi kwa kitabu?"

"Lazima. Sahihi mbili. Anayetoa na anayeshuhudia."

"Syombua akiwa na haraka, Katunge anaweza kumwekea sahihi?"

"Wewe!" Sista Idah alicheka kwa mshtuko. "Huyo nitamfukuza jioni hiyo hiyo. Ikitokea shida, nitajuaje nani alitoa?"

"Na zile sahihi, mlizichagua mkutanoni? Mkapiga kura wote mtie sahihi moja?"

Mwanarusi alisikia mtu akiuliza bei ya kadi, na Sista Idah akimjibu akae. Kisha akarudi, na sauti yake ilikuwa karibu zaidi na simu.

"Kumbe hii paswadi ni sahihi."

"Ni sahihi, Sista. Mtu akisoma majibu, ukurasa uandike ni nani amesoma. Sasa hivi utaandika ni Umoja."

Sista Idah aliguna, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo kilichomfanya hata Jared, kule kwa hadubini, ageuke. "Aki wewe umenishika. Nne kwa mbili! Na tulipiga makofi." Alipumua. "Haya. Tutabadilisha. Lakini si leo."

"Kwa nini si leo? Ni saa kumi, Sista, kuna nafasi."

"Mama Ikhlas, uamuzi wa mkutano nitaufuta peke yangu? Watasema Sista amekuwa nani? Kesho saa moja na nusu tunakaa. Nitaeleza kama ulivyonieleza, ile ya kabati. Tutafuta kwa kumbukumbu, halafu kila mtu aende kwa kompyuta peke yake na mlango ufungwe. Hata mimi. Hiyo nakupa neno langu."

Mwanarusi alifikiri kidogo, akaona ni sawa.

"Hayat yuko?" aliuliza. "Kuna fomu yake moja nataka kuihakikisha."

Sauti ya Hayat ilipokuja ilikuwa nyembamba. "Ndiyo, dada?"

"Sikiliza tu. Kesho Sista atawaeleza jambo kuhusu paswadi. Chagua neno ambalo hata Salehe hawezi kulikisia. Majibu yako hayataingia kwenye kompyuta mpaka utakapokuwa umeliweka. Yamo kwenye bahasha, nami sijaifungua."

"Fomu iko sawa, dada," alisema Hayat kwa ajili ya masikio ya pale. Halafu, kwa pumzi: "Silali leo."

"Hata mimi silali. Lakini mimi ni kwa sababu ya programu."

Hayat alicheka kidogo, akakata.

Jared alikuwa ameanza kupiga mluzi. Mwanarusi alimnyooshea kidole. "Wewe, acha! Nitajua majibu kwa huo wimbo."

"Huu mluzi ni wa kila siku!"

"Ule wa kila siku unaenda polepole. Acha, tafadhali."

Alirudi kwenye kibodi. Kwanza alifuta mistari yote, ile sita na miwili ya uongo, ili usiku kucha pasiwe na jina hata moja linalofungua chochote. Kisha akaenda kwenye ile sehemu ya programu iliyotia chumvi. Aliandika mistari minne ya kuifanya ichague herufi mbili kwa kubahatisha, upya kwa kila mtu anayejiandikisha, na kuziweka mbele ya unga ili programu izikumbuke wakati wa kulinganisha. Ilikataa. Alisahau alama moja ya kufungia. Aliirekebisha, ikakataa tena, kwa sababu nyingine, naye akaandika sababu hiyo daftarini. Mara ya tatu ilikubali.

Safari hii maneno yale ya majaribio aliyafanya majina: alijiandikisha kama "sufuria" kwa neno "umoja." Akajiandikisha kama "dirisha" kwa neno lile lile, "umoja." Aliweka rula kwenye kioo.

"Jared."

"Sipigi mluzi."

"Njoo uone. Neno moja, watu wawili."

Jared aliinama. Alitazama mstari wa juu, akatazama wa chini, akarudi juu. "Hazifanani hata kidogo."

"Hata kidogo!" Alitaka kupiga kofi mezani tena, lakini kikombe kilikuwa bado kimejaa. Alijaribu kuingia kwa "sufuria," akaingia. Akajaribu kwa "dirisha," akaingia. Akajaribu kwa neno la kubuni, akafungiwa nje, na ujumbe wake mwenyewe ukamwambia kwa adabu ajaribu tena. Alijifungia nje mara tatu nyingine kwa raha tu.

Jared hakurudi kwa hadubini yake. Alikuwa anafikiri. "Lakini sasa kesho utajuaje? Wakikaa tena, wakapiga kura, Upendo ikashinda, hutaona. Zitatokea tofauti zote."

"Sitaona."

"Si uiache ile chumvi ya zamani, kesho tu? Wakijiandikisha uwachungulie, ukiwaona sawa, ndio ubadilishe."

Mwanarusi alikuwa ameliwaza hilo kabla yake, wakati ule alipokuwa akitafuta alama ya kufungia. Lilikuwa wazo zuri, na kwa dakika chache lilikuwa limemvuta. Aliangalia dirisha la programu, mistari minne mipya, ya kwake.

"Hayat aliniambia hataki kuchunguliwa," alisema. "Hakusema na nani; hata mimi nimo."

"Na kama Sista hataweza kuwashawishi?"

"Nitampigia saa mbili na nusu, nimuulize. Akisema wamefuta, wamefuta. Amenipa neno lake."

Jared alikuna shingo, akakubali kwa kichwa, akaichukua bahasha kutoka kwenye rafu na kuifungia katika droo yake pamoja na kalamu za kuandikia chupa. "Saa mbili na nusu basi nitakuwa hapa. Hata saa mbili."

Mwanarusi alifuta "sufuria" na "dirisha," akaifungua faili mara moja zaidi kuhakikisha. Haikuwa na kitu ndani; kisanduku kidogo cheupe kilikuwa kinapepesa mahali ambapo mstari wa kwanza ungeandikwa. Alihifadhi. Bado alitaka ukurasa ujifunge wenyewe mtu akienda kunywa chai na kuuacha wazi, na bado hakujua ataufanyaje hivyo. Alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe ya kesho, na chini yake: *Kumpigia Sista. Kusubiri wote sita. Ndipo bahasha.*